Mkataba na Agano: Maandishi ya Imani na Madai ya Haki katika Mashamba ya Nakuru, 1918–1952

Jina la Lanet, upande wa mashariki wa mji wa Nakuru, hukumbukwa zaidi kwa kambi yake ya jeshi, na kwa maasi ya askari yaliyotokea humo Januari 1964, majuma machache baada ya Kenya kupata uhuru. Lakini nchi hii iliyo baina ya Menengai na Ziwa Nakuru, pamoja na Bahati na Dundori zilizo jirani nayo, ina historia nyingine isiyo ya bunduki. Ni historia ya wafanyakazi wa mashamba ya walowezi waliokuwa wakiimba, wakisali na kusoma. Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja: maandishi ya dini, ambayo kwa sehemu kubwa yaliletwa na watu wa rangi moja na watawala, yaliwezaje kuwa tegemeo la watawaliwa katika kudai haki? Jawabu linalotolewa hapa ni kwamba maandishi hayo hayakuwapa wasomaji wake faraja peke yake. Yaliwapa pia lugha ya sheria, ambayo kwayo mwenye nguvu angeweza kushitakiwa.

Ni lazima kwanza kukumbuka jinsi karatasi ilivyotumika katika Bonde la Ufa. Kwa mapatano ya mwaka 1904, Wamaasai walihamishwa kutoka Naivasha na Nakuru. Waliopelekwa Laikipia wakaahidiwa nchi hiyo kwa maneno mazito, lakini kwa mapatano mengine ya mwaka 1911 wakaondolewa huko pia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 iliwawezesha walowezi kukodi ardhi kwa miaka 999. Sheria ya mwaka 1918 iliyowahusu maskwota, yaani wafanyakazi waliokaa shambani pamoja na jamaa zao, iliwataka wamfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili wapate mahali pa kulima na kulisha mifugo. Kila mwanamume alipaswa kuchukua kipande, ambacho wengi walikitundika shingoni ndani ya kikebe cha bati. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mifugo ya maskwota ilianza kufagiliwa mashambani, na wenyewe wakaliita tendo hilo kwa neno la Kiswahili, kifagio. Sheria nyingine iliyopitishwa mwaka 1937, na kuanza kutumika mwaka 1940, ikawakaza zaidi. Kwa ufupi, skwota alizungukwa na maandishi, lakini yote yaliandikwa juu yake na mtu mwingine, naye hakuwa na la kujibu.

Hapa inafaa kupima maneno mawili. Neno mkataba limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Uzito wake umo katika hati, na hati ilikuwa mikononi mwa mwenye shamba. Neno agano limetokana na kitenzi agana, chenye kiambishi cha kutendana. Uzito wake umo katika watu wawili waliofungana kwa ahadi. Katika Biblia ya Kiswahili agano hufanywa baina ya wasiolingana, Mungu na watu wake, na hata hivyo aliye mkuu hufungwa na neno lake. Haidaiwi hapa kwamba maskwota wa Lanet au Bahati waliketi kuchambua viambishi. Linalodaiwa ni kwamba kitabu kiliwaonyesha aina ya ahadi ambayo mwenye nguvu hana ruhusa ya kuivunja, na kwa kipimo hicho mkataba wa shambani ulionekana upungufu wake.

Viongozi wa misheni wenyewe hawakuwa na sauti moja. Gavana Northey alipotoa waraka wa mwaka 1919 wa kuwahimiza maofisa wawapatie walowezi wafanyakazi, maaskofu wa Mombasa na Uganda waliukosoa, lakini hawakukataa kabisa kazi ya kulazimishwa. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu kilichowaita Waafrika hao watumwa wa Uingereza, akaipinga sera hiyo kwa hoja za imani. Hata hivyo Weston alisema kwa niaba ya wengine.

Waliosema wenyewe walipata nguvu kutoka mbali pia. Mwaka 1921 George Alexander McGuire, mzaliwa wa Antigua aliyekuwa kasisi mkuu wa chama cha Marcus Garvey, alianzisha African Orthodox Church mjini New York. Habari za kanisa hilo, lenye maaskofu weusi, zilisafiri kwa magazeti. Zilimfikia Daniel William Alexander katika Afrika ya Kusini na Reuben Spartas katika Uganda, na kila mmoja akaandika barua kuomba uhusiano. Alexander alifika Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 alikuwa Kenya kwa mwaliko wa viongozi wa shule huru za Wakikuyu, akafundisha na kuwapa Waafrika daraja la ukasisi. Shule na makanisa hayo yaliyojitenga na misheni baada ya mgogoro wa mwaka 1929 yalienea pamoja na watu wake hadi mashamba ya Bonde la Ufa. Maana ya jambo hilo kwa haki ya rangi ni dhahiri: ubatizo, ndoa na mazishi havikuhitaji tena idhini ya Mzungu.

Mfano mkubwa zaidi katika wilaya ya Nakuru ni Olenguruone, kwenye nyanda za juu za Mau. Wakikuyu waliopelekwa huko kuanzia mwaka 1941 walijiona wenye ardhi. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji wanaofungwa na masharti yake. Wakaikataa hati hiyo, wakaapa kiapo cha umoja kilichowahusisha wanawake na watoto pia. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta, na uhamisho wao ukawa maudhui ya nyimbo zilizoenea Kenya ya kati. Mwaka uliofuata Biblia nzima ya Kigikuyu ilitolewa. Nyimbo za siasa za wakati huo ziliimbwa kwa tuni za kanisani, na mwaka 1954 Louis Leakey, mwana wa mmisionari, alieleza jinsi tuni hizo zilivyowapumbaza Wazungu waliozisikia. Gakaara wa Wanjau, mwana wa mchungaji wa Presbiteri, aliandika mwaka 1952 ungamo la Gikuyu na Mumbi kwa kufuata umbo la imani ya mitume. Oktoba mwaka huo alikamatwa. Ni yeye pia aliyekuwa ameandika kwa Kiswahili kijitabu *Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika*.

Lakini itakuwa makosa kudhani kwamba imani ilielekea upande mmoja. Wakristo wa Uamsho walikataa kiapo kwa sababu walikuwa na agano jingine, na baadhi yao waliuawa kwa kukataa. Wengine kati yao walikataa pia kushika bunduki za serikali. J. M. Kariuki, aliyezaliwa mwaka 1929 kwa wazazi maskwota huko Kabatini, karibu na Lanet, alikieleza kiapo katika *Mau Mau Detainee* (1963) kuwa mfano wa kuzaliwa upya. Pande zote mbili zilitumia msamiati wa kitabu kimoja, na damu ikamwagika baina yao.

Jambo hilo ndilo linaloupa msamiati huu uzito hadi baada ya uhuru. Kariuki alipowakosoa watawala wapya kwa ulafi wa ardhi, alikuwa akiwapima Waafrika kwa kipimo kilichotumiwa kwa walowezi. Aliuawa Machi 1975. Ghasia za kikabila zilipolikumba Bonde la Ufa mwaka 1991 na 1992, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, Askofu wa Nakuru tangu 1971 hadi 1996, alizilaani hadharani, na maaskofu wenzake Wakatoliki wakaandika barua za kichungaji. Agano halikuangalia rangi ya aliyelivunja.

Kwa wanaisimu, kazi iliyo mbele ni ya kukusanya. Kifagio, kipande, skwota, agano, pamoja na kĩhooto, neno la Kigikuyu lenye maana ya hoja ya haki isiyopingika, ni maneno ambayo historia yake haipatikani kwa kufungua kamusi peke yake. Imo katika nyimbo na sala za watu wa Bahati, Dundori na Lanet, na haina budi kuandikwa kutoka vinywani mwao.