Ruzuku ya mishahara na ajira

Ruzuku ya mishahara ni fedha ambazo serikali humlipa mwajiri, au kodi inayomsamehe, ili gharama ya kumwajiri mtu wa kundi fulani ipungue bila mshahara wenyewe kupunguzwa. Kupima kama mpango huo unaongeza ajira ni kugumu, kwa kuwa idadi ya wafanyakazi walioombewa ruzuku haielezi ni wangapi wangeajiriwa hata bila ruzuku hiyo.

Mfano uliochunguzwa sana ni wa Afrika Kusini, ambako kuanzia tarehe 1 Januari 2014 mwajiri wa kijana wa miaka 18 hadi 29, mwenye mshahara usiofika randi 6,000 kwa mwezi, aliruhusiwa kubakiza hadi randi 1,000 kutoka katika kodi ya mapato ya wafanyakazi aliyopaswa kuiwasilisha serikalini, na nusu yake katika mwaka wa pili. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSATU, liliupinga mpango likihofia kwamba wafanyakazi wa umri mkubwa wangeachishwa kazi, na sheria yenyewe ikaweka faini ya randi 30,000 kwa kila aliyeondolewa kwa njia hiyo.

Madai ya ruzuku yalifika mamia ya maelfu. Hata hivyo Vimal Ranchhod na Arden Finn, waliotumia njia ya tofauti ya tofauti, yaani kulinganisha mabadiliko ya ajira ya vijana na ya watu waliowazidi umri, kabla na baada ya mpango kuanza, hawakuona ongezeko la maana katika miezi ya mwanzo. Uchunguzi wa baadaye wa kumbukumbu za kodi ulikuta ongezeko katika kampuni ndogo, ilhali sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwa zile kubwa, ambazo pengine zingeajiri vilevile.

Kabla ya sheria hiyo, James Levinsohn na wenzake walikuwa wamegawa vocha za ruzuku kwa vijana waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na mwaka mmoja baadaye waliopewa vocha walikuwa na ajira kwa takriban pointi 7 za asilimia zaidi ya wasiopewa, ingawa ni kampuni chache mno zilizodai fedha hizo. Majaribio ya aina hii, pamoja na uimara wake, hayaonyeshi kwa urahisi kama mwenye vocha alipata nafasi mpya au alimpiku mwenzake asiye nayo.

Mwaka 2022 kiwango cha juu cha ruzuku kilipandishwa hadi randi 1,500, na mpango umeongezewa muda hadi 2029.