Lugha Iliyoitwa Lahaja: Kiassam na Jirani Zake

Mwezi Machi 1836 wamisionari wawili wa Kibaptisti kutoka Marekani, Nathan Brown na mpiga chapa Oliver Cutter, waliwasili Sadiya, kituo cha mwisho cha Waingereza juu kabisa ya bonde la mto Brahmaputra. Walikuja na mashine ya kupigia chapa, na Assam kwao ilikuwa njia tu: shabaha yao ilikuwa Washan, watu wa Kitai wa Burma, na kupitia kwa Washan waingie China. Mwaka huohuo watawala wa Kampuni ya India ya Mashariki waliamua kwamba mahakama na shule za bonde lile zitatumia Kibengali. Mambo haya mawili hayakupangwa pamoja, ila miaka 37 iliyofuata ni habari ya namna yalivyogongana.

Mtu aliyezoea kusikia Kibengali, akisafiri kutoka Bengal kuelekea Assam kijiji baada ya kijiji, hakuti mahali pa kusema hapa kimekoma kimoja na kimeanza kingine. Katikati wapo Warajbanshi wa Rangpur, Koch Bihar na Goalpara, ambao kila upande umewahi kuwahesabu kuwa wake. Lugha zote hizo, pamoja na Kiodia cha kusini, zimetokana na usemi wa kale wa mashariki mwa India ambao wataalamu huuita Kiprakriti cha Magadhi. Xuanzang, mtawa Mchina aliyefika katika ufalme wa Kamarupa miaka ya 640, mfalme akiwa Bhaskaravarman, aliandika kuwa usemi wa huko ulitofautiana kidogo na ule wa India ya kati. Kidogo hicho ndicho kilichokuja kuzaa ugomvi.

Mwaka 1907 msomi Haraprasad Shastri alikuta Nepal mswada wa nyimbo za Kibuddha ziitwazo Charyapada. Wabengali wakasema hiki ni Kibengali cha kwanza kuandikwa. Waassam wakasema ni Kiassam, Waodia wakadai chao, na wenye Kimaithili nao hawakukaa kimya. Hakuna anayesema uongo. Nyimbo zile zilitungwa kabla ya ndugu hao kugawana nyumba, kwa hiyo kila mmoja akizifungua anaiona sura ya babu yake. Hali hiyohiyo imeikuta barua ya mwaka 1555, ambayo mfalme Naranarayan wa Koch alimpelekea mfalme wa Waahom. Vitabu vya historia ya Kiassam huitaja kama nathari ya mapema ya Kiassam, na vya historia ya Kibengali huitaja kama nathari ya mapema ya Kibengali. Ni barua moja, maneno yaleyale.

Ukitaka kuona mahali njia zilipoachana, tazama nani waliokuwa wakikaa karibu. Ukoo wa damu hautakusaidia sana. Bonde la Brahmaputra lilikuwa na wenyewe kabla ya lugha za Kihindi-Kiarya kufika: Wabodo, Wakachari, Wadimasa na jamaa zao, wasemaji wa lugha za ukoo wa Tibeti na Burma. Mito bado inawataja. Dibang, Disang, Dikhow na Digaru yote huanza na neno lao la maji. Katika karne ya 14 mshairi Madhava Kandali alipoihamishia Ramayana kutoka Kisanskriti kwenda Kiassam, muda mrefu kabla Tulsidas hajaiandika kwa Kiawadhi, mfadhili wake alikuwa Mahamanikya, mfalme wa Kikachari. Yaani utenzi mkubwa wa kwanza wa Kiassam uliagizwa na mtu ambaye ukoo wake ulikuwa na lugha nyingine kabisa.

Kabla ya hapo, mwaka 1228, mwanamfalme wa Kitai aitwaye Sukaphaa alikuwa ameivuka milima ya Patkai na watu wake, akashuka upande wa mashariki wa bonde. Ndio Waahom, na ukoo wake ulitawala karibu miaka 600. Walikuja na lugha yao, maandishi yao na desturi ambayo haikuwa ya kawaida India: kuandika matukio ya utawala kwa tarehe na majina, katika vitabu vinavyoitwa buranji. Mtu angetarajia mshindi amlazimishe mshindwa lugha yake. Ikawa kinyume. Waahom walikuwa wachache, walioa bondeni, wafalme wakajichukulia majina ya Kihindu, na kufikia karne ya 17 hata buranji zilikuwa zikiandikwa kwa Kiassam. Kiahom kikabaki kwa makuhani na kwenye majina kama Namrup na Namdang, ambamo nam ni maji. Kwa upande mwingine, desturi ya buranji ilikipa Kiassam nathari ya serikali: barua za wajumbe, ripoti za vita, kumbukumbu za mabaraza. Alipoingia Mwingereza, lugha hii ilikuwa imeshaendesha dola kwa vizazi kadhaa, na hilo ndilo jambo lililosahaulika upesi kuliko yote.

Lugha iliyonenwa na watu waliotoka kwenye lugha nyingine haibaki ilivyokuwa. Herufi tatu za s ambazo Kiassam kilirithi kutoka Kisanskriti husomwa kwa sauti ya kh, karibu na ile ya wazee wa mwambao wakisema kheri. Jina lenyewe la lugha wenyewe hulitamka Okhomiya. Herufi za ch nazo zimegeuka s. Sauti za t na d, ambazo lugha nyingi za India huzigawa mara mbili kwa mahali pa ulimi, hapa zimeungana. Kibengali huweka neno la kukanusha baada ya kitenzi. Kiassam hulibandika mbele. Na lipo jambo moja ambalo msomaji wa Kiswahili ataliona haraka kuliko Mbengali: mama yangu ni ma, mama yako ni mara, mama yake ni mak. Jina la ndugu hubeba mwenyewe mkiani, kama mamako na mamake. Banikanta Kakati, ambaye kitabu chake cha mwaka 1941 kuhusu kukua kwa Kiassam bado kinasomwa, alizichambua tabia za namna hii moja moja, na wengi baada yake wanaihusisha hii ya majina ya ndugu na lugha za Kibodo.

Mtu mkuu wa fasihi ya Kiassam ni Sankardev, aliyefariki mwaka 1568. Alihubiri ibada ya mungu mmoja, akatunga nyimbo na michezo ya kuigiza ya vijijini, na kwa tamthilia zake alitumia Brajavali, lugha ya kisanaa iliyochanganya Kimaithili na Kiassam. Nyumba za ibada alizoasisi zikawa shule za watu wasio na shule. Mwishoni mwa karne ya 16 Bhattadev akaiandika Gita kwa nathari ya Kiassam.

Kisha mambo yakaharibika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliudhoofisha ufalme wa Ahom, majeshi ya Burma yakaingia kuanzia 1817, na bonde likapoteza watu wengi mno kwa kuuawa, kutekwa na kukimbia. Waingereza wakawafukuza Waburma, na kwa mkataba wa Yandabo wa Februari 1826 Assam ikaangukia mikononi mwa Kampuni. Kampuni ilikuwa na makao yake Calcutta, na makarani wake walitoka Bengal. Ilipofika wakati wa kukiondoa Kiajemi mahakamani na kuweka lugha za wenyeji, ofisi zilikuwa tayari na makarani wanaoandika Kibengali, vitabu vya shule vya Kibengali vilikuwa tayari vimechapwa, na maofisa walikuwa na jibu rahisi kwa aliyeuliza: Kiassam ni lahaja tu ya Kibengali.

Kumbukumbu ya Waassam hulaumu makarani, kwamba ndio waliomnong'oneza Mzungu. Mimi siioni haja ya mnong'onezaji. Utawala uliotaka kuokoa fedha, usiojua lugha wala kuwa na hamu ya kuijua, ungefika palepale wenyewe. Lakini lawama ile ilikaa, na ikazaa uhasama ambao haujaisha hadi leo, maana karani alionekana kila siku na gavana hakuonekana.

Mtoto wa Sibsagar sasa alifundishwa kusoma kwa lugha ya watu wengine, na mkulima aliyeshtakiwa alisomewa hukumu asiyoielewa sawasawa. Hapo ndipo mashine ya Sadiya inapoingia. Safari ya China ilishindikana. Januari 1839 Wakhamti, watu wa Kitai wa eneo hilo, waliivamia Sadiya, na wamisionari wakahama, hatimaye wakatulia Sibsagar, mji wa kale wa Waahom. Walikuwa wamegundua jambo la kawaida la kazi yao: huwezi kumhubiria mtu kwa lugha ya karani wake. Januari 1846 wakatoa jarida la mwezi kwa Kiassam, Orunodoi, yaani mapambazuko, lenye habari za dini, sayansi, jiografia na picha za kuchonga. Brown alichapa maelezo ya sarufi mwaka 1848, na mwenzake Miles Bronson akatoa kamusi mwaka 1867. Kwa kuwa mashine ilikuwa Sibsagar, usemi wa mashariki mwa bonde ndio ulioingia vitabuni, na ule wa magharibi, wa Kamrup, ambako Bhattadev aliishi kabla, ukawa wa pembeni.

Wamisionari pekee wasingeshinda. Mtetezi aliyewatoa jasho maofisa alikuwa Anandaram Dhekial Phukan, kijana aliyesomea Calcutta na kufanya kazi katika serikali ileile. Mwaka 1855 alichapisha kijitabu kwa Kiingereza, bila jina lake, akijiita mwenyeji tu. Alimjibu William Robinson, mkaguzi wa shule aliyekuwa akidai kwamba Kiassam na Kibengali ni kitu kimoja. Dhekial Phukan alilinganisha sarufi, akaorodhesha vitabu vya kale vya Kiassam, akaonyesha kwamba maneno yanayofanana ni ya Kisanskriti, nacho ni mali ya wote. Alifariki mwaka 1859, hajafika miaka 30, na amri ilikuwa bado palepale.

Iliondolewa mwaka 1873, George Campbell akiwa luteni gavana wa Bengal. Kiassam kikarudi mahakamani na katika shule za msingi za wilaya za bonde. Mwaka uliofuata Waingereza wakaitenga Assam kuwa jimbo peke yake, na kwa sababu jimbo jipya lilikuwa na mapato kidogo, wakaliongezea Sylhet, wilaya kubwa ya wasemaji wa Kibengali. Kwa hiyo mwaka mmoja baada ya kupata lugha yao, Waassam walijikuta katika jimbo ambalo Kibengali kilikuwa na wasemaji wengi kuliko chao.

Katika tahajia, walioshinda walijirudisha nyuma kwa hiari. Brown alikuwa ameandika maneno kama yanavyosikika. Hemchandra Barua aliona aibu katika hilo, na kamusi yake, Hemkosh, iliyotoka mwaka 1900 baada ya yeye kufariki, ilirudisha tahajia ya Kisanskriti. Matokeo yake, Kiassam kilichochapwa kinafanana na Kibengali kuliko kinavyosikika. Jicho la mgeni hutafuta herufi mbili tu, ya r na ya w, ili kutofautisha gazeti la Guwahati na la Kolkata. Mwaka 1898 mshairi Mbengali Rabindranath Tagore aliandika makala akidai kuwa ingefaa Waassam na Waodia watumie Kibengali cha vitabu. Aliyemjibu ni Lakshminath Bezbarua, mmoja wa wanafunzi wa Calcutta waliokuwa wameanzisha jarida la Jonaki mwaka 1889. Alikuwa na uchungu wa nyumbani pia: mkewe, Pragyasundari, mwandishi wa vitabu vya mapishi kwa Kibengali, alikuwa binti wa kaka yake Tagore.

Baada ya uhuru zamu iligeuka. Sylhet karibu yote ilikwenda Pakistan mwaka 1947. Katika sensa ya 1951 wakulima Waislamu waliohamia kutoka Bengal ya Mashariki walitaja Kiassam kuwa lugha yao, na kwa hesabu hiyo Kiassam kikawa na wengi jimboni. Mwaka 1960 bunge la Assam likakifanya lugha rasmi ya jimbo. Bonde la Barak, lililobaki na Wabengali, liliandamana, na tarehe 19 Mei 1961 polisi walipiga risasi watu 11 wakafa katika kituo cha reli cha Silchar. Kibengali kikakubaliwa kwa matumizi ya bonde hilo. Watu wa milimani waliona kilichotokea wakaendelea kudai majimbo yao: Nagaland ikatoka 1963, Meghalaya 1972. Hoja walizotoa dhidi ya Kiassam zilikuwa zilezile za kijitabu cha 1855, na sidhani kuna aliyelazimika kukisoma ili azipate.

Wabodo, ambao mababu zao walitia sauti na sarufi yao ndani ya Kiassam, waliikataa hata herufi yake. Mwaka 1974 na 1975 waliandamana kutaka Kibodo kiandikwe kwa herufi za Kirumi, wengine wakauawa, na mwisho wakapewa Devanagari, ya Kihindi, ambayo hakuna upande ulioanza nayo. Mwaka 2003 Kibodo kiliingizwa katika orodha ya lugha za katiba ya India, na Oktoba 2024 Kiassam na Kibengali vilitangazwa siku moja kuwa lugha za kale za fasihi.

Huko Nagaland lugha rasmi ni Kiingereza, na kila kabila lina lugha yake isiyoeleweka na jirani. Wakikutana sokoni Kohima au Dimapur huongea Kinagami, yaani Kiassam kilichopunguzwa vitenzi na adabu, kilichozaliwa kwenye biashara ya chumvi, pamba na mchele kati ya mlima na bonde. Hakifundishwi shule kama somo, na wasomi wengi wa Kinaga hawakitakii mema. Wakachari wa Dimapur hukizungumza nyumbani kama lugha ya kwanza ya watoto wao.