Tiba inayomkubali mtu mzima mwenye usonji jinsi alivyo

Na Mwandishi Wetu

JUNI 15, mwaka 2023, alifariki dunia mzee wa miaka 89 aitwaye Donald Triplett, mkazi wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi nchini Marekani. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa watoto 11 ambao daktari Leo Kanner wa Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, aliwaeleza katika makala yake ya mwaka 1943. Makala hiyo ndiyo iliyoutambulisha ulimwengu wa tiba kwa hali ambayo Waswahili huiita usonji, na wengine tawahudi.

Akiwa na umri wa miaka mitatu, Triplett alipelekwa kwenye taasisi ya kulelea watoto kwa ushauri wa madaktari, lakini wazazi wake walimrejesha nyumbani baada ya muda. Alikua, akahitimu chuo mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mjini kwao, akacheza gofu na kusafiri peke yake katika nchi nyingi. Majirani walizizoea tabia zake na kumchukulia kama mmoja wao. Ni kweli kwamba familia yake ilikuwa na uwezo, na hilo lilimsaidia. Hata hivyo, maisha yake yanazua swali ambalo wataalamu wa saikolojia wanaendelea kulijadili: je, lengo la tiba ni kumbadili mtu afanane na wenzake, au ni kumwezesha kuishi vema jinsi alivyo?

Chimbuko la wazo hili

Kwa miongo mingi jibu lililotawala lilikuwa la kwanza. Mwaka 1987, Ole Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha utafiti kuhusu watoto 19 waliofundishwa kwa saa nyingi kila wiki, wakizawadiwa walipofanya lililotakiwa. Alisema tisa kati yao walifikia hali ya kawaida. Kipimo cha mafanikio kilikuwa mtoto kutotofautika na wenziwe darasani.

Wenye hali hiyo walipopata jukwaa la kusema, walikuwa na maoni tofauti. Mwaka 1993, Jim Sinclair, ambaye mwenyewe ana usonji, aliwataka wazazi wasiwalilie watoto wao kana kwamba wamefariki, kwa kuwa usonji hauwezi kutenganishwa na nafsi ya mtu. Katika muongo huo huo ilizaliwa dhana ya uanuwai wa ubongo, iliyoundwa kwa mfano wa bioanuwai: kwamba bongo za wanadamu hutofautiana kimaumbile, na kwamba tofauti si lazima iwe ugonjwa. Dhana hiyo kwa kawaida huhusishwa na Judy Singer wa Australia, aliyeitumia katika tasnifu yake ya mwaka 1998. Hata hivyo, mwaka 2024 kundi la wanazuoni liliandika kwamba dhana hiyo ilijengwa kwa pamoja na watu wengi wenye usonji.

Wanaohusishwa na dhana hii si wenye usonji pekee. Wamo pia wenye tatizo la umakini na utulivu, linalojulikana kwa kifupi kama ADHD, na wanaopata taabu ya kusoma na kuandika ingawa akili zao ni timamu.

Hatari ya kujificha

Wengi hugunduliwa wakiwa watu wazima, baada ya miaka mingi ya kuitwa wavivu, wakaidi au wenye majivuno. Katika miaka hiyo hujifunza kuficha hali yao: hujilazimisha kumtazama mtu machoni, hukariri maneno ya kuanzishia mazungumzo, na huzuia mikono isitikisike mbele za watu. Jioni hufika nyumbani wakiwa hoi.

Madhara yake si madogo. Mwaka 2014, jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti wa Sarah Cassidy na wenzake kuhusu watu wazima 374 waliogunduliwa kuwa na aina ya usonji iliyoitwa Asperger katika kliniki moja nchini Uingereza. Asilimia 66 walisema wamewahi kufikiria kujiua. Utafiti mwingine wa Cassidy, wa mwaka 2018, ulionyesha kuwa kadiri mtu anavyoficha hali yake ndivyo hatari hiyo inavyohusishwa naye zaidi. Kwa sababu hiyo, tiba inayomfundisha mtu kujificha vizuri zaidi yaweza kumuumiza huku ikihesabiwa kuwa imefaulu.

Inavyofanyika

Tiba inayomkubali mtu alivyo haidai kuuondoa usonji. Hushughulikia yale yanayomsumbua mwenye nao: wasiwasi, sonona, uchovu, kukosa usingizi na majeraha ya kudhihakiwa. Mteja ndiye anayetaja malengo, na mtaalamu humsaidia kutenganisha matatizo yake halisi na aibu aliyobebeshwa na wengine.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2012 na NICE, taasisi inayoweka viwango vya tiba nchini Uingereza, unaeleza jinsi tiba ya mazungumzo inavyopaswa kurekebishwa kwa watu hawa. Mtaalamu aseme kwa lugha nyepesi na apunguze mafumbo. Atumie zaidi maandishi na picha. Aeleze waziwazi kanuni ambazo wengine hudhani kila mtu anazijua. Atoe mapumziko ya mara kwa mara, na pale inapowezekana ayatumie mambo ambayo mteja anayapenda sana. Ndugu au mwenza aweza kushirikishwa, mradi mteja ameridhia. Mwongozo huo pia unakataza kutumia milo ya kujinyima na dawa za kuondoa metali mwilini kwa nia ya kutibu usonji wenyewe.

Nje ya chumba cha ushauri, mambo madogo huleta nafuu: taa isiyoumiza macho, vizuia kelele masikioni, maagizo ya kazi kwa maandishi, na ruhusa ya kutoka kikaoni kwa dakika chache.

Mwaka 2012, mwanazuoni wa Uingereza Damian Milton, ambaye naye ana usonji, alieleza kuwa kutoelewana huwa ni kwa pande mbili. Asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenye usonji, ila lawama huangukia upande mmoja. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mipaka yake

Kumkubali mtu si kumtelekeza. Mwenye ADHD aweza kunufaika na dawa alizoandikiwa na daktari, na wapo wenye usonji wasioweza kuzungumza au kujihudumia, ambao wanahitaji uangalizi maisha yao yote. Wazazi wa watu hao hulalamika kwamba mjadala hutawaliwa na wale wanaoweza kujieleza. Aidha, tafiti zinazopima matokeo ya tiba hii kwa watu wazima bado ni chache kuliko zile za watoto.

Anayetafuta msaada aweza kumuuliza mtaalamu maswali matatu kabla ya kuanza: lengo la tiba ni lipi, nani analiamua, na itajulikanaje kuwa imefaulu? Jibu likiwa kwamba mteja ataonekana kama watu wengine, afikiri mara mbili. Jibu likiwa kwamba atalala vizuri, atapunguza hofu na kudumu kazini bila kuchakaa, basi huenda amefika mahali panapofaa.

Na yeyote mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri kupata jina la hali yake. Amweleze mtu anayemwamini, na afike katika kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo.