Baba Aliyerudi kutoka Burma

Katika vitabu vya usharika huu, vilivyotunzwa kwa uangalifu tangu siku za wamisionari wa Leipzig, zimo kumbukumbu za ubatizo, kipaimara, ndoa na maziko. Wamo wainjilisti na wachungaji, kwa majina yao na miaka yao ya utumishi. Hawamo wale waliokwenda vitani. Si kwamba walikuwa wachache. Katika Vita Kuu ya Pili, kati ya mwaka 1939 na 1945, vijana wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, na Kilimanjaro ilitoa fungu lake. Walikwenda, baadhi yao wakarudi, wakaoa, wakapanda kahawa, wakazeekea kwenye mabenchi ya kanisa hili hili. Na historia ya usharika ikaandikwa kana kwamba miaka ile hawakuwa popote.

Sura hii inamkumbuka mmoja wao. Familia imeomba jina lake lisichapishwe, kwa kuwa katika uhai wake alikataa kila mara kusimamishwa mbele ya kanisa na kupigiwa makofi kwa habari za vita. Wenyeji watamtambua upesi. Wageni kutoka dayosisi yatosha wamjue kama baba wa watoto saba, mkulima wa kahawa, na mpiga tarumbeta wa usharika kwa zaidi ya miaka thelathini.

Vita ilikuwa imeingia nyumbani mwao kabla hajazaliwa. Baba yake mzazi alichukuliwa kuwa mpagazi wa jeshi la Wajerumani vita vilipoanza mwaka 1914. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini, na mpagazi huyo akaenda nao na mzigo kichwani. Alirudi baada ya vita kwisha, amekonda, na ndugu zake wawili hawakurudi. Katika vita vile wapagazi wengi kuliko askari walikufa kwa njaa, kuhara na homa, na hakuna upande ulioandika hesabu yao sawasawa. Lililobaki na kuonekana kwa macho ni reli ile ya kutoka Voi, ambayo Waingereza waliijenga kwa haraka ili ilete askari na shehena zao upande huu wa mlima.

Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walifukuzwa nchini. Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana wakaja kushika kazi, hata Wajerumani waliporuhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925. Ndiyo maana mtoto yule, aliyebatizwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 wazazi wake walipomaliza mafundisho, alibatizwa kwa mkono wa Mjerumani. Jumapili hiyo hiyo alibatizwa mtoto wa jirani, kijana wa rika lake. Walichunga mbuzi pamoja, wakasoma shule ya misheni pamoja, na walipata kipaimara siku moja.

Vita vya pili vilipozuka, serikali ya Waingereza iliwakamata wamisionari Wajerumani na kuwaweka kizuizini. Kazi ya sharika za mlimani ikabaki mikononi mwa wachungaji wachache Waafrika waliobarikiwa katika miaka ya 1930, pamoja na wainjilisti, walimu na wazee wa kanisa, wakisaidiwa tena na Waamerika. Habari hii husimuliwa katika kila adhimisho la Kanisa, na ni haki isimuliwe. Lakini katika miaka ile ile serikali iliyomfunga mmisionari ilikuwa ikiandikisha watoto aliowabatiza. Mwaka 1942 vijana hawa wawili walikwenda Moshi mjini wakajiandikisha katika Keya, kama watu walivyozoea kuliita jeshi la KAR. Mjerumani alikuwa amewabatiza. Sasa Mwingereza aliwaapisha, nao wakapelekwa kupigana na Mjapani, mtu ambaye hawakuwa wamepata hata kumwona.

Kwa nini walikwenda? Wengine nchini walilazimishwa, kwani sheria ya utumishi wa lazima ilikuwapo. Hawa wawili walikwenda kwa hiari, na sababu yao haikuwa kubwa kuliko umri wao. Kihamba cha baba kilikuwa kidogo na wana walikuwa wengi. Mshahara wa jeshi ulikuwa mdogo sana ukilinganishwa na wa askari Mzungu aliyelala kwenye tope lile lile, na karibu vyeo vyote vya ofisa vilishikwa na Wazungu. Hata hivyo, kwa kijana wa mlimani, zilikuwa fedha za kuanzia maisha. Mama wa rafiki yake hakukubali. Huyo alikuwa mjane, na mwanawe wa kiume alikuwa huyo mmoja tu. Kijana wetu ndiye aliyemsihi hata akaridhia, akamwahidi kwamba atamrudisha.

Walishuka kwa treni hadi Mombasa, kwa reli ile ya vita vya baba zao. Kikosi chao, cha 36 cha Keya, kilikuwa cha Watanganyika, na kiliwekwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Mwaka 1943 divisheni hiyo ilivushwa bahari hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Safari ile haikuwa mchezo. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa watu 1,297, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao wawili walikuwa wamekwisha kuvuka. Habari ilipofika huku nyumbani, mjane yule hakuweza kujua kama mwanawe alikuwamo au la, akakaa miezi mingi bila kujua.

Katikati ya mwaka 1944 divisheni iliingia Burma, nchi ambayo siku hizi huitwa Myanmar, ikapewa kazi ya kuwafukuza Wajapani kwa kushuka bonde la Kabaw wakati wa masika yenyewe. Majeshi mengine yalikuwa yakipumzika msimu huo, maana bonde lile lilijulikana kwa malaria na homa ya kupe wadogo wa majanini. Magari yalizama kwenye tope. Barabara ilitandikwa magogo, magogo nayo yakazama. Vyakula vilidondoshwa kwa ndege, na siku mawingu yalipokuwa mazito havikudondoshwa. Watu wa mlimani wanaojua mvua walisema ile haikuwa mvua bali mto uliosimama wima. Tarehe 2 Desemba 1944 divisheni iliushika mji wa Kalewa, penye mto Chindwin, na hapo wahandisi wakatandaza daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 300, ambalo jeshi kubwa lilivukia kwenda kuikomboa nchi iliyobaki.

Rafiki yake hakuliona daraja hilo. Aliugua homa bondeni mwezi Oktoba. Akabebwa kwa machela siku mbili, mwenzake akishika mpini mmoja, na usiku wa pili akafa. Walimzika kando ya njia, wakasimamisha msalaba wa mti uliofungwa kwa waya, na alfajiri kikosi kikaondoka. Mvua iliendelea kunyesha. Baadaye, makaburi mengi ya askari waliokufa katika nchi hiyo yalikusanywa Taukkyan, karibu na jiji la Yangon, na karibu majina 27,000 ya wasiojulikana walipolala yamechongwa kwenye nguzo za mahali hapo. Kama jina la kijana huyo limo, hakuna mtu wa kwao aliyekwenda kulitazama.

Mwaka 1946 mwenzake alirudi nyumbani akiwa na koti la jeshi, malipo ya kuagwa, na nishani ya Burma. Kabla ya kuingia kwao alikata jani la isale, akaenda nalo kwa mjane. Kwa Wachagga isale si jani tu. Hupandwa mipakani na makaburini, na mtu aliyekosa akilileta mlangoni, aliyekosewa hawezi kumfukuza. Bruno Gutmann, mmisionari aliyeishi huku Kilimanjaro kwa miaka mingi kati ya 1902 na 1938, aliandika sana juu ya mila za namna hii na kuziheshimu. Wazee wa kanisa wa siku zile walikuwa wakali kuliko mmisionari. Waliposikia, waliliita jambo hilo ukale. Tena walimtaka askari huyu ahudhurie mafundisho upya kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, kwa kuwa miaka minne hakuonekana kanisani. Walifuata utaratibu, na hapana shaka walikuwa na nia njema. Lakini hawakumwuliza hata swali moja juu ya mahali alikotoka. Katika hili usharika ulikosa, na kitabu cha miaka mia kisichotaja makosa hakistahili kuitwa historia. Alihudhuria mafundisho hayo pamoja na watoto wa miaka kumi na minne, akiwa ameketi nyuma yao, hakusema neno.

Alioa mwaka 1949. Watoto wake wanamkumbuka kama baba mpole kupita wanaume wengi wa kizazi chake. Hakupiga mtoto wala hakupandisha sauti. Blanketi lake lilikunjwa kila alfajiri pembe kwa pembe, na buti zake kuukuu, ambazo hakuzivaa tena, zilipakwa mafuta kila Jumamosi. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, cha amri na mkato, kikawachekesha watoto waliofundishwa sarufi shuleni. Tarumbeta alijifunza huko huko. Aliporudi alijiunga na kundi la matarumbeta la usharika, akawafundisha vijana wengi. Alikataa kupiga mazikoni peke yake. Mpaka apate wa kusimama naye.

Jambo moja watoto hawakulielewa. Katika masika, mvua ilipopiga bati usiku, baba yao hakulala. Alitoka akaketi barazani mpaka kukuche. Walidhani anailinda kahawa.

Na lingine walilielewa vibaya. Kila wiki, siku ya Jumanne, baba alikwenda kwenye kihamba cha mama mmoja mzee, akapalilia migomba yake, akazibua mfereji wa maji, ule uitwao mfongo, akamkatia ng'ombe wake majani. Fedha za kwanza alizopata kwa kahawa katika chama cha ushirika alimwezekea nazo nyumba kwa bati. Watoto walimwita mama huyo Bibi, wakamwamkia shikamoo kwa kuinamisha kichwa kama apendavyo bibi mzaa baba, na wakakua wakijua hivyo. Aliishi mpaka mwaka 1971. Wanawe hawa wasio wake ndio waliomchimbia kaburi.

Ukweli ulitoka mwaka 1978. Mwisho wa mwezi Oktoba majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na mapema Novemba Rais Nyerere akatangaza kwamba nchi itapigana. Mgambo waliitwa, na mwana wa tatu wa nyumba hii alikuwa mgambo. Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka, baba alimketisha barazani. Hakumweleza habari za ushujaa. Alimweleza habari za machela, za msalaba uliofungwa kwa waya, na za ahadi aliyoitoa kwa mjane. Alimwambia kwamba Bibi hakuwa ndugu yao kwa damu. Kisha akamwagiza neno moja la kazi, kama sajini: akimzika mwenzake, aandike mahali, ataje kilima, mto na kijiji, maana mama atauliza, na kwamba yeye aliulizwa kwa miaka ishirini na mitano akawa hana la kujibu isipokuwa mvua.

Mwana alirudi salama baada ya Kampala kuanguka, Aprili 1979. Alikuwa na daftari la shule. Mlikuwa na majina manne ndani yake, na chini ya kila jina mchoro wa njia. Baba alilisoma lote, akalirudisha, akaenda kulala. Mwaka uliofuata mwana alifunga safari mwenyewe akazitembelea familia nne hizo, mbili za mkoa wa Mara, moja ya Dodoma, moja ya Tanga. Ni kwa mdomo wake habari hii imeufikia usharika.

Mzee alilala mwaka 1997 na kuzikwa kihambani kwake. Matarumbeta yalipigwa na watu kumi na wawili, wote wanafunzi wake.

Wakati wa kuandaa kitabu hiki, kitabu cha ubatizo cha miaka ya 1930 kilifunguliwa. Majina yao mawili yamefuatana kwenye ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa mmisionari. Mbele ya jina la mzee, safu ya kufa imejazwa. Mbele ya jina la mwenzake ilikuwa tupu kwa zaidi ya miaka sitini. Baraza la wazee wa usharika limeagiza paandikwe: Oktoba 1944, bonde la Kabaw, Burma, kando ya njia. Siku ya mwezi haijulikani, ikaachwa nafasi. Kaburi la mama yake bado hupaliliwa kila Desemba, wajukuu wa mzee wanaporudi kutoka mijini kwa Krismasi, nao wanaendelea kuliita kaburi la Bibi.