Maji ya Bibi

Bibi yangu hakujua siku aliyozaliwa. Siku aliyobatizwa aliijua, kwa kuwa iliandikwa kitabuni mwaka 1928, misioni ya Peramiho, katika nchi ya Ungoni kusini mwa Tanganyika. Karani wa sensa au wa hospitali akimuuliza umri, Bibi alitaja tarehe hiyo, na karani akaiandika kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa. Hakuwasahihisha. Kwake hapakuwa na kosa la kusahihisha.

Historia ya Kanisa Katoliki katika nchi yetu imeandikwa vizuri, tena na watu wenye bidii. Utasoma padri gani alifika lini, jimbo lipi lilimegwa kutoka lipi, askofu yupi alimrithi nani. Nimezisoma kurasa hizo kwa heshima, lakini jikoni kwa Bibi, ambako ndiko nilikojifunza ishara ya msalaba, sijapaona humo. Basi leo nataka kuipitisha historia hiyo kwenye mlango wa jiko lake.

Tuanzie pwani. Desemba 1860 mapadri kutoka kisiwa cha Réunion walishuka Unguja, wakifuatana na masista. Miaka michache baadaye kazi ilishikwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 Padri Antoine Horner akafungua misioni ya Bagamoyo. Wengi wa Wakristo wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Walilelewa misioni, wakafundishwa sala, kilimo na ufundi, kisha wakaozeshana na kupelekwa bara kuanzisha vijiji vya Kikristo kama Mhonda, mwaka 1877. Vitabu vinavisifu vijiji hivyo kuwa mbinu nzuri ya uenezaji injili. Mimi huwawaza wale wasichana. Walinyang'anywa mama zao njiani, wakafundishwa kumwita Maria mama, na baada ya miaka thelathini wao wenyewe wakawa bibi, wakimkalisha mjukuu pajani na kumshika mkono wa kuume kumwelekeza paji la uso. Hao ndio bibi wa kwanza Wakatoliki wa bara yetu.

Kwetu kusini walikuja Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien. Walianzia Pugu mwaka 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misioni hiyo ikavamiwa na baadhi yao wakauawa, sista mmoja akiwamo. Mwaka 1898 Padri Cassian Spiss akafika Ungoni na kuanzisha Peramiho.

Kisha yakaja maji mengine. Mwaka 1905 dawa ya maji, ile iliyoaminiwa kugeuza risasi za watawala wa Kijerumani kuwa maji, ilivuka kutoka Umatumbi hadi Ungoni. Agosti mwaka huo Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa akiwa safarini upande wa Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Peramiho ikachomwa moto. Wajerumani wakajibu kwa bunduki na kamba. Kila Februari 27, Songea inawakumbuka mashujaa 67 walionyongwa mwaka 1906. Kabla hawajanyongwa, padri aliingia gerezani, na baadhi yao wakakubali kubatizwa, akiwamo chifu wa Kingoni, Nkosi Mputa Gama. Nimesimama mbele ya kaburi lao mara nyingi, na kila mara naona vigumu kulielewa tukio hilo: maji yaliyoshindwa kuzuia risasi, na maji yaliyomwagwa kichwani asubuhi ya kamba. Sithubutu kusema mtu aliyekuwa akingoja kamba aliwaza nini.

Kilichoua wengi zaidi ni njaa. Maghala yalichomwa, mazao yakaharibiwa makusudi, na wako wanahistoria wanaokadiria kwamba vita na njaa hiyo viliondoa watu kati ya 250,000 na 300,000 katika kusini yote. Mama yake Bibi alikuwa mtoto wa miaka sita au saba. Baba hakurudi kutoka vitani, mama alifia njiani akitafuta mizizi ya porini. Mtoto yule alifika misioni iliyokuwa ikijengwa upya kwa sababu alisikia kwamba pale kuna uji. Bibi hakuwahi kuficha jambo hili, nami sioni haya kuliandika: ukoo wetu uliingia Ukatoliki kwa njaa. Kilichotufanya tubaki, shibe iliporudi, ndicho ninachokitafuta.

Sehemu ya jibu naiona katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa, na kwa miaka kadhaa Misa ikawa kitu cha nadra katika vijiji vya Ungoni. Mtu angetarajiwa kusema kwamba imani changa namna ile, isiyofikisha hata miaka ishirini, ingekauka. Haikukauka. Walibaki makatekista, ambao watu waliwaita tu Mwalimu, na walibaki akina mama. Rozari haihitaji padri wala taa. Mama yake Bibi, kijana aliyeolewa karibuni, alikuwa na rozari ya kamba yenye mafundo badala ya punje, na wanawake wa mtaa walikusanyika kwake jioni kwa sababu yeye aliyakumbuka matendo yote kwa mpangilio. Wabenediktini waliporudi miaka ya 1920, safari hii Waswisi wakiwa mbele, walikuta watu wanawasubiri.

Peramiho iliyorudi ilikuwa na nguvu. Mwaka 1931 ikawa abasia, chini ya Gallus Steiger. Kulikuwa na hospitali, shule, mtambo wa kuchapa vitabu, na baadaye lile kanisa kubwa ambalo mgeni hashangai bure akilikuta katikati ya mashamba ya mahindi. Bibi alisomeshwa na masista miaka minne. Alitoka akijua kusoma, kushona, kunyoosha shuka za altare, na kuimba Kilatini asichokielewa. Alitoka pia akijua kwamba ngoma za wazee ni dhambi na tambiko ni dhambi kubwa zaidi. Mambo haya yaliumiza watu. Mzee mwenye wake watatu aliyetaka ubatizo alitakiwa abaki na mmoja, na wale wawili waliorudishwa kwao na watoto hakuna kitabu kilichowaandika. Bibi aliwajua wawili wa namna hiyo. Aliwapelekea chumvi kila Krismasi hadi walipofariki.

Aliolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Babu, kama vijana wengi wa Songea wakati huo, alichukuliwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kwa mkataba, na wapo waliokwenda wasirudi. Bibi alibaki na mimba ya kwanza. Mtoto alizaliwa usiku wa mvua, akaishi hadi alfajiri. Kabla padri hajapatikana, alikuwa amekata roho.

Hapa lazima nieleze sheria. Kanuni za Kanisa za mwaka 1917 hazikuruhusu mtu aliyekufa bila ubatizo kuzikwa kwa ibada ya Kanisa. Makaburi ya kigango yalikuwa na uzio wa miti ya minyaa. Mtoto wa Bibi alizikwa nje ya uzio, chini ya mwembe, bila sala. Na katekisimu za wakati ule zilifundisha kwamba watoto kama hao hukaa mahali pasipo na mateso, lakini pasipo na kumwona Mungu pia. Bibi alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa miaka zaidi ya hamsini alisali kila siku huku akiamini kwamba mtoto wake hatamwona.

Hakuliacha Kanisa. Alikwenda kwa sista mmoja akamuuliza: ingekuwaje kama mimi mwenyewe ningejua la kufanya? Sista akamfundisha. Katika hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, mwanamume au mwanamke, mradi amimine maji ya kweli kichwani, ataje Utatu Mtakatifu, na akusudie lile ambalo Kanisa hukusudia. Tangu siku hiyo Bibi hakuitwa kumzalisha mtu bila kubeba kikombe chake cha bati, na maji safi hakukosa. Akawa mkunga aliyeitwa na vijiji vinne. Wako watoto waliofia mikononi mwake wakiwa wamebatizwa, nao walizikwa ndani ya uzio. Wako waliopona wakawa madereva, walimu, na mmoja padri.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliketi Roma kuanzia 1962 hadi 1965, na matunda yake yakafika kigangoni pole pole. Padri aligeuka akawatazama watu. Kilatini kikaondoka, ngoma zilizokatazwa zikarudi, sasa zikiwa mbele ya altare. Kwa kizazi changu hiyo ndiyo Misa, hatujui nyingine. Bibi alifurahi kuelewa maneno, lakini alisema alichukua muda kuacha kuogopa ngoma ndani ya kanisa, kwa kuwa alikumbuka mtu aliyenyimwa komunyo kwa sababu ya ngoma hizo.

Miaka ya sabini ilileta mengi kwa pamoja. Shule za misioni zilikuwa zimetaifishwa, vijiji vya ujamaa vikawahamisha watu, na Bibi akajikuta katika nyumba mpya kwenye mstari ulionyooka, mbali na kanisa. Mwaka 1972 ikaundwa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakaazimia kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, nyumba chache zinazosali pamoja kila wiki. Ulionekana mpango mpya. Nilipomweleza Bibi baadaye, alinitazama kwa mshangao wa kweli: hivyo ndivyo mama yake alivyofanya wakati mapadri walipokamatwa.

Septemba 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Songea. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tuliondoka kijijini usiku, Bibi mbele na WAWATA wenzake, vitenge vya sare, wakiimba kwa zamu ili miguu isisikie. Nakumbuka vumbi, na umbo jeupe mbali sana. Bibi hakulia wala kupiga vigelegele. Alinyanyua rozari ya kamba ya mama yake juu ya vichwa vya watu, ili ibarikiwe pamoja na zote. Papa huyo huyo ndiye aliyeongeza matendo ya mwanga kwenye rozari mwaka 2002, ya kusaliwa siku ya Alhamisi. Bibi, zaidi ya miaka sabini, akajifunza Alhamisi upya. Alichelewa kuzoea, akakosea, akaanza tena, nasi wajukuu tukimsubiri bila kucheka.

Aprili 2007 tume ya wanateolojia wa Vatikano ilitoa waraka juu ya watoto wanaokufa bila ubatizo. Ilisema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba Mungu huwaokoa na kuwapa kumwona. Nilimsomea Bibi, nikitafsiri sentensi kwa sentensi. Aliuliza swali moja.

"Na wale wa zamani, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, Bibi. Hata wale wa zamani."

Hakusema kitu. Kesho yake alichukua jembe, akaniomba nimshike mkono hadi penye makaburi. Uzio ulikuwa umekufa zamani na kaburi lile halikuonekana tena. Mwembe tu ulikuwapo. Alipalilia chini yake asubuhi nzima.

Alifariki mwaka 2011. Wanawake walimzunguka usiku kucha na rozari, na alizikwa karibu na mwembe, kama alivyoagiza. Nilikwenda ofisi ya parokia kupeleka taarifa ili aandikwe katika kitabu cha marehemu. Katibu alipomaliza nikamwomba anionyeshe mstari wangu katika kitabu cha ubatizo cha 1979. Nilijua nilizaliwa kabla ya siku zangu, nyumbani, na kwamba sikulia. Sikuwahi kujua kwamba mbatizaji huandikwa. Katika ukurasa ule, safu ya mwisho, lilirudiwa jina la padri yule yule, juu hadi chini, kwa mwandiko wa mlalo. Kwenye mstari wangu, kwa mwandiko huo huo, padri alikuwa ameandika jina la Bibi.