Koleusi na sakitu: namna ya kuokoa maua ya bustani usiku wa baridi

KOLEUSI, mmea wa bustani unaopendwa kwa majani yake yenye rangi nyekundu, zambarau, kijani na manjano, ni miongoni mwa mimea ya mapambo inayouawa upesi na baridi. Katika maeneo ya nyanda za juu kama Njombe na Makete nchini Tanzania, au Limuru na Kinangop nchini Kenya, usiku mmoja wa sakitu, yaani umande unaoganda na kuwa barafu juu ya majani, hutosha kuliteketeza tuta zima la maua.

Asili ya mmea huu ni Asia ya Kusini-Mashariki hadi kaskazini mwa Australia, kwenye joto na unyevu. Umo katika ukoo mmoja na mrihani na mnanaa. Kwa miaka mingi wanabotania waliuhamisha kutoka jina moja la kisayansi hadi jingine, na mwaka 2019 jina la Coleus lilirejeshwa rasmi. Hata hivyo, mabadiliko hayo ya jina hayakugusa tabia yake: ni mmea wa nchi za joto usio na kinga ya barafu.

Mimea iliyozoea baridi ina njia zake za kujihami. Okidi za Kitulo, katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, huchanua wakati wa mvua, kisha sehemu za juu hunyauka na uhai hubaki katika viazi vidogo vilivyo chini ya ardhi mpaka msimu wa baridi na ukavu upite. Koleusi haina hifadhi ya namna hiyo. Shina lake ni laini na limejaa maji, na hata likizoeshwa baridi polepole haliwezi kustahimili kuganda.

Madhara huanza kabla barafu haijaonekana. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 10 za Sentigredi kwa siku kadhaa, koleusi hudumaa, rangi zake hufifia na majani ya chini huanza kupukutika. Ikifika sifuri au chini yake, maji yaliyo kati ya chembe hai za jani huganda, nayo barafu hiyo hufyonza maji kutoka ndani ya chembe hizo na kuziharibu. Jua linapochomoza, jani huwa jeusi na hulegea kama mboga iliyochemshwa.

Jambo linalowapotosha wengi ni kudhani kwamba siku yenye baridi kali ndiyo yenye sakitu. Mawingu hufanya kazi ya blanketi, kwa kuwa huzuia joto la ardhi lisipotee angani. Ndiyo maana baridi ya Julai mjini Nairobi, yenye mawingu mazito, huuma mwili lakini ni nadra kuleta sakitu. Hatari huja usiku ambao anga ni nyeupe, nyota zinaonekana wazi, upepo umetulia na hewa ni kavu.

Katika nyanda za juu za Kenya, hali hiyo hutokea zaidi wakati wa kiangazi cha mwanzo wa mwaka. Januari 2012, kwa mfano, sakitu iliunguza mashamba ya chai katika maeneo ya Kericho na Nandi. Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, msimu wa baridi na msimu wa ukavu hukutana, kwa hiyo miezi ya kujihadhari ni Juni hadi Agosti.

Aidha, hewa baridi ni nzito na hutiririka kuelekea mabondeni kama maji. Bustani iliyo bondeni, au iliyozungukwa na ukuta unaozuia hewa hiyo isitoke, huathirika kuliko iliyo kwenye mteremko. Kipimajoto kilichotundikwa kimo cha mtu kinaweza kuonyesha nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri ilhali majani yaliyo karibu na ardhi yameanza kuganda.

Kinga ya kwanza ni kuhamisha. Koleusi iliyo ndani ya chungu iingizwe ndani au iwekwe barazani, karibu na ukuta uliopigwa na jua mchana.

Kwa iliyopandwa ardhini, udongo umwagiliwe maji mapema mchana, kwa sababu udongo wenye unyevu huhifadhi joto zaidi kuliko mkavu. Kabla jua halijazama, mimea ifunikwe kwa shuka kuukuu, gunia au boksi la karatasi ngumu. Kifuniko kifike chini kabisa, kwa kuwa kazi yake ni kunasa joto linalotoka ardhini. Plastiki isiguse majani, maana jani linaloigusa huganda. Asubuhi, hewa ikishapata joto, kifuniko kiondolewe ili mmea usiungue kwa jua.

Matandazo ya nyasi yana faida na hasara. Hulinda mizizi, lakini usiku huzuia joto la udongo lisiyafikie majani. Usiku wa hatari ni vyema kuyasogeza pembeni. Mbolea yenye naitrojeni nyingi nayo isitiwe msimu wa baridi unapokaribia, kwani huchochea machipukizi laini ambayo huwa ya kwanza kuungua.

Mmea ukishaungua, haifai kukimbilia kuupogoa. Majani yaliyokufa husaidia kuikinga sehemu ya chini iliyosalia. Inashauriwa kusubiri mpaka hatari ipite, kisha shina likwaruzwe kidogo kwa ukucha: likiwa kijani ndani, linaweza kuchipua tena, likiwa la kahawia na bwete, limekufa.

Kwa kuwa kifuniko hakitoshi usiku wa baridi kali, kinga ya uhakika ni kuweka akiba. Kabla ya msimu wa baridi, vipande vya ncha za matawi vyenye urefu wa sentimita 7 hadi 10 hukatwa chini kidogo ya kifundo, majani ya chini hutolewa, kisha vipande hutiwa katika glasi ya maji mahali penye mwanga ndani ya nyumba. Kwa kawaida mizizi huonekana ndani ya wiki moja hadi mbili, navyo huhamishiwa kwenye vyungu vyenye udongo. Mche uliopatikana hivyo hubeba rangi zilezile za mmea mama, sifa ambayo mbegu haziihakikishi, na huwa tayari kurudishwa bustanini sakitu ikishapita.