Swichi inajua kusahau, sisi tujue kuandika

Wenzangu, tukiongea historia ya kompyuta, tunataja intaneti na simu. Swichi, kile kisanduku chenye waya nyingi kwenye kona ya biro, hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Mimi nasema historia yake inatuhusu sana, ju inafundisha kitu gani kinafaa kusahauliwa na kitu gani lazima kiandikwe.

Mwaka 1973, Robert Metcalfe aliandika wazo la Ethernet kule Xerox PARC, California, kisha akaijenga na David Boggs. Mashini zote zilishika waya mmoja. Moja ikisema, zote zinasikia. Kila moja inaangalia kama ujumbe ni wake, kama si wake inauacha. Adresi ilikuwa ya biti 8 tu, yaani haiwezi kupita namba 256. Mwaka 1980, DEC, Intel na Xerox walitoa kanuni ya pamoja, na adresi ikawa ya biti 48 mpaka leo.

Lakini mashini zikizidi, waya mmoja unakuwa kama soko: wote wanasema, hakuna kusikilizana. Kule DEC, Mark Kempf akabuni daraja linalojifunza lenyewe. Linaangalia adresi ya anayetuma ao mlango alioingilia? Yote mawili, na linaandika kwenye jedwali. Ujumbe wa kwenda kwa adresi hiyo ukija, unapelekwa mlango ule tu. Kama adresi haijulikani, daraja linatuma kwa milango yote, isipokuwa ule ulioingilia. Mwenyewe akijibu, tayari amejulikana.

Hapo ikatokea shida ingine: madaraja yakifungwa kwa kuzungukana, ujumbe unazunguka bila mwisho na jedwali linachanganyikiwa. Radia Perlman, naye wa DEC, mwaka 1985 akachapisha mbinu ya kuzima njia za ziada ili rezo ibaki na umbo la mti. DEC ikauza daraja lake, LANBridge 100. Mwaka 1990 kampuni Kalpana ikaleta EtherSwitch yenye milango 7, na Cisco ikainunua Kalpana mwaka 1994.

Kinachonishangaza ni hiki: wale mainjinia waliamua jedwali lisahau. Kanuni ya IEEE 802.1D ilipendekeza sekunde 300. Mashini ikinyamaza dakika tano, adresi yake inafutwa. Ju gani? Ju watu wanahamisha mashini, na habari ya zamani ingepeleka ujumbe kwenye mlango ambao mwenyewe hayuko tena. Hata umeme ukikatika na jedwali lote likapotea, hakuna kulia: mashini zikianza kusema, linajijenga upya.

Lakini kuna mambo ambayo swichi haiwezi kujifunza kwa kusikiliza. Mlango gani ni wa wahasibu, gani ni wa wageni, neno la siri ni lipi: hayo anayajua mtu tu. Ndiyo maana swichi za Cisco ziko na faili mbili za mipangilio. Moja ni ile inayotumika sasa, inayokaa kwenye memori inayopotea na umeme. Ya pili ni ile ya kuanzia, inayobaki. Ukibadilisha kitu bila kukihifadhi kwenye ile ya pili, umeme ukikatika kazi yako imekwenda. Na kwenye Catalyst nyingi, VLAN zinakaa kwenye faili ingine, vlan.dat. Ukifuta faili ya kuanzia peke yake, swichi ya mtumba inaweza kuja kwako na VLAN za bwana wake wa kwanza.

Nimeona biro moja hapa kwetu ambapo fundi alihama bila kuhifadhi wala kuacha kopi. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi jedwali la adresi lilirudi lenyewe. Kazi ya fundi haikurudi, na watu walikaa siku tatu bila rezo, wakimtafuta kwa simu.

Kwa hiyo, wewe unayeanza kazi: hifadhi kabla ya kutoka. Toa kopi ya faili, iweke nje ya swichi, andika tarehe na sababu ya kila badiliko. Kile mashini inaweza kujifunza yenyewe, iachie. Kile unajua wewe peke yako, andika, ju kesho utakuwa umepata kazi kwingine, na mdogo wako ndiye atafungua ile swichi.